BOMBA LILILOSAHAULIKA KATIKA ORODHA

Ifuatayo ni hotuba ya mwandishi wetu aliyoitoa mbele ya wafanyakazi wa viwanda na wanafunzi wa uhandisi jijini Dar es Salaam, juu ya upimaji wa mitambo na usalama wa wafanyakazi.



Mama aendaye sokoni kununua chungu hakipasui ili apate kujua kama ni kizima. Hukiinua kwa mkono mmoja, akakigonga kwa kidole cha mkono wa pili, akasikiliza. Chungu kizima hulia. Chungu chenye ufa hutoa sauti iliyokufa, hata kama ufa wenyewe hauonekani kwa macho. Akisharidhika hulipa fedha yake na kwenda zake, na chungu hakikupungukiwa na kitu.

Jambo nililoombwa kulizungumzia leo, ambalo wataalamu huliita upimaji usioharibu, halina siri kubwa kuliko hiyo. Ni elimu ya kukijua kilichomo ndani ya chuma bila ya kukikata chuma hicho. Boila haiwezi kupasuliwa ili tuone kama ni nzima. Bomba la gesi haliwezi kukatwa vipande ili tuone kama limeliwa na kutu. Lakini mfanyakazi anayesimama kando ya boila hiyo kwa saa nane kila siku anayo haki ya kujua kama chuma kilichomtenga na mvuke bado kina unene wa kutosha. Haki hiyo ndiyo shabaha ya mazungumzo yangu.

ELIMU ILITOKA VYUONI

Ndugu wanafunzi, hapana budi tuanze kwa kuvipa vyuo vikuu heshima yao, kwa kuwa elimu hii kwa sehemu kubwa ilizaliwa humo. Mwaka 1895, katika Chuo Kikuu cha Würzburg nchini Ujerumani, Profesa Wilhelm Röntgen aligundua miali ambayo leo kila hospitali huijua kwa jina la eksirei. Miali ile ile inayoonyesha mfupa uliovunjika huonyesha pia tundu lililojificha ndani ya chuma kilicholehemiwa.

Mwaka 1928 mwanasayansi wa Kisovieti, Sergei Sokolov, aliyekuwa akifanya kazi katika mji wa Leningrad, alitoa wazo la kutumia mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio la binadamu ili kutafuta dosari katika chuma. Mwaka 1940 Floyd Firestone wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliomba hataza ya chombo kinachopeleka sauti hiyo ndani ya chuma na kuusikiliza mwangwi wake unaporudi.

Utendaji wake ni rahisi kuueleza. Katika chuma cha pua sauti husafiri kiasi cha mita 5,900 kwa sekunde. Mpimaji hupaka mafuta kidogo juu ya bomba, akaweka chombo chake, sauti ikaingia, ikagonga ukuta wa ndani na kurudi. Ikiwa ukuta una unene wa milimita 10, safari hiyo ya kwenda na kurudi huchukua sekunde tatu na kitu tu kati ya milioni moja za sekunde. Mwangwi ukiwahi kurudi, maana yake ukuta umelika, au pana ufa njiani. Kazi hii mara nyingi hufanyika mtambo ukiwa unaendelea kuzalisha mali.

Utafiti haukukomea hapo. Tangu miaka ya 1990 watafiti wa Chuo cha Imperial mjini London waliendeleza njia ya kulivisha bomba mkanda mmoja wa vipimio, nao ukapeleka mawimbi yanayotambaa katika ukuta wa bomba kwa makumi ya mita, hata pale bomba lilipofunikwa kwa vitambaa vya kuzuia joto. Kwa njia hiyo kutu iliyojificha chini ya mfuniko huweza kugunduliwa bila ya kuufumua mfuniko wote.

Basi, ikiwa elimu ipo, na vyombo vipo, kwa nini wafanyakazi wangali wakifa? Hilo ndilo swali. Napenda tulijibu kwa mifano mitatu iliyotokea kweli.

RANGI NDANI YA UFA

Jioni ya Machi 27, 1980, katika Bahari ya Kaskazini, jengo la chuma lililoelea baharini kwa jina la Alexander L. Kielland, lililokuwa likitumiwa kama malazi ya wafanyakazi wa visima vya mafuta vya Norway, lilipinduka. Watu 212 walikuwamo. Watu 123 walikufa.

Uchunguzi ulionyesha kwamba mhimili mmoja ulikatika, na kwamba ufa ulioukata ulianzia mahali palipolehemiwa kishikizo kidogo cha chombo cha kusikilizia sauti majini. Ndani ya ufa huo zilikutwa dalili za rangi. Tafakarini maana yake, Ndugu zangu. Rangi iliingia ndani ya ufa wakati jengo likipakwa rangi kiwandani. Kwa hiyo ufa ulikuwapo kabla ya jengo kuingia baharini, na jengo lilikabidhiwa kwa wenyewe mwaka 1976. Kishikizo kile hakikuhesabiwa miongoni mwa sehemu zinazobeba uzito; kilionekana ni kifaa tu cha kubandika, na kazi ya kukilehemu haikupewa uangalizi uliopewa mihimili mikubwa.

Mfano wa pili ni wa Japani. Agosti 9, 2004, katika kituo cha umeme cha nyuklia cha Mihama, bomba la maji ya moto lilipasuka. Maji hayo hayakuwa na sumu ya nyuklia. Yalikuwa maji ya moto tu, yenye joto la nyuzi zipatazo 140. Lakini yaliwaunguza wafanyakazi 11, na watano kati yao walikufa. Bomba hilo lilipokuwa jipya lilikuwa na unene wa milimita 10. Mahali lilipopasukia, maji yalikuwa yameula ukuta wake kidogo kidogo mpaka ukabaki chini ya milimita 2.

Mtambo huo ulianza kazi mwaka 1976. Kwa miaka 28 mahali hapo hapakupimwa hata mara moja. Kwa nini? Wajapani hawakukosa vyombo vya kupimia, wala wataalamu, wala fedha. Mahali hapo palikuwa pamesahaulika katika orodha ya sehemu zinazopaswa kupimwa. Jambo la kuhuzunisha zaidi ni kwamba wafanyakazi walioungua walikuwa mahali pale kwa kazi ya kutayarisha ukaguzi wa mtambo, uliokuwa umepangwa kuanza siku chache tu baadaye.

Wala haikuwa kwamba dunia haijapata onyo. Desemba 1986, katika kituo cha umeme cha Surry, jimbo la Virginia nchini Marekani, kiwiko cha bomba kilicholika kwa namna hiyo hiyo kilipasuka na wafanyakazi wanne wakafa. Onyo lilisafiri kuvuka bahari, likasomwa na kutungiwa kanuni. Lakini kanuni haipimi bomba ambalo halikuandikwa.

Mfano wa tatu ni wa bara letu wenyewe. Mwaka 1984, huko Mohammedia nchini Morocco, palipokuwa pakijengwa kituo cha umeme, mafundi walikuwa wakipima sehemu zilizolehemiwa kwa kutumia chembe ya iridiamu inayotoa miali mikali. Chembe hiyo ilichomoka katika chombo chake na kuanguka chini. Mtu mmoja aliiokota, asijue ni kitu gani, akaenda nayo nyumbani kwake. Watu 8 walikufa, wakiwamo watu wa familia yake. Chombo kilicholetwa kulinda uhai kiliua, kwa sababu aliyekiokota hakuwa ameambiwa.

KIPIMO NI CHA NANI?

Ndugu Mwenyekiti, katika mifano hiyo mitatu hakuna hata mmoja ambao sayansi ilishindwa. Ufa wa Kielland ungeweza kuonekana. Unene wa bomba la Mihama ungeweza kupimwa kwa dakika chache. Chembe ya Mohammedia ingeweza kutafutwa kwa chombo cha kupimia miali. Kilichokosekana ni kitu kingine: elimu iliishia kwa wachache, na walio karibu na hatari hawakuwa na sauti wala habari. Kwa hiyo nathubutu kusema kwamba kipimo ambacho hakikumfikia mfanyakazi ni kazi iliyofanywa nusu.

Hayo si mambo ya nchi za mbali tu. Sisi tunalo bomba la mafuta linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola, Zambia, lenye urefu wa kilomita 1,710, lililokamilika mwaka 1968. Tunalo bomba la gesi litokalo Mtwara hadi Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015. Tunazo boila katika viwanda vya sukari, vya nguo na vya bia. Na katika ukanda wetu wa pwani chumvi ya bahari na unyevu wa hewa havimpi chuma likizo hata siku moja.

Sheria tunayo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inataka vyombo vya mvuke na vya hewa ya shinikizo vikaguliwe, na inatambua wawakilishi wa usalama wa wafanyakazi. Shule pia tunazo: Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1973. Lakini sheria na shule havitoshi, na nitawapa ushahidi wa macho yangu.

Miaka michache iliyopita, katika kazi yangu ya uandishi, nilikitembelea kiwanda kimoja ambacho sitakitaja. Nilizungumza na mzee mmoja aliyeilinda boila kwa zaidi ya miaka ishirini. Nilimwuliza: "Mzee, ukuta wa boila hii sasa una unene gani?" Akacheka, akasema: "Mwanangu, hayo wanayajua wenyewe. Mimi najua sauti yake tu. Ikibadilika, nakimbia." Nikaenda ofisini kuuliza. Nikaambiwa cheti kipo, kimefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo amesafiri.

Mzee yule hakuwa mjinga. Kwa miaka ishirini alikuwa akiifanya kwa sikio lake kazi ile ile ambayo Firestone aliifanya kwa chombo. Mjinga ni utaratibu uliomwachia mzee miguu yake kuwa ndiyo kinga ya mwisho.

TUFANYE NINI?

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulitufundisha kwamba maendeleo ya watu hayawezi kuletwa bila ya watu wenyewe kushiriki katika kuyafikiria na kuyaamua. Fundisho hilo lafaa katika chumba cha boila kama lilivyofaa kijijini. Kwa hiyo napendekeza mambo manne.

Kwanza, orodha. Kila kiwanda kiwe na orodha kamili ya mabomba, matangi na boila zake, nayo iandikwe kwa kutembea kiwandani pamoja na wafanyakazi wa kila zamu. Mtu wa zamu ya usiku huyajua mabomba ambayo mchoro wa ofisini umeyasahau. Japani ingekuwa na watu watano zaidi leo kama orodha ingekuwa kamili.

Pili, matokeo yabandikwe. Unene wa mwanzo, unene wa sasa, na unene ambao ukifikiwa mtambo lazima usimame: tarakimu tatu tu, kwa Kiswahili, ukutani, kando ya chombo chenyewe. Mfanyakazi anayejua kusoma bei ya sukari dukani anaweza kuzisoma tarakimu hizo.

Tatu, vyuo vikuu vitoke nje ya kuta zao. Watafiti wetu hawana haja ya kungoja mfano wa chuma kutoka Ulaya, hali kutu ya Kurasini na ya Tanga inawangoja. Mwanafunzi wa uhandisi aende kiwandani na chombo chake, apime, na kabla ya kuandika tasnifu yake awaeleze waliosimama hapo alichokiona.

Nne, mpimaji asiogope. Mkaguzi ambaye mkate wake unategemea kumfurahisha meneja hatasema kwamba boila imechakaa. Hapo ndipo Serikali, Chama na vyama vya wafanyakazi hawana budi kusimama nyuma ya mtu huyo.

Najua wako watakaosema kwamba kusimamisha mtambo ni hasara. Ni kweli, ni hasara. Lakini hasara hiyo huhesabiwa kwa saa na kwa shilingi. Hasara ya bomba lililopasuka huhesabiwa kwa majina, na majina hayo kwa kawaida si ya wenye viwanda.

Ndugu wafanyakazi, sitawaomba mpige makofi. Nawaomba jambo moja. Kesho asubuhi mtakapoingia kazini, kila mmoja amwulize msimamizi wake kwa adabu: "Ndugu, bomba hili lilipimwa lini, na limo katika orodha?" Akijibu, mshukuruni. Asipoweza kujibu, basi kazi yetu imeanza.