Masurufu ya Msafiri

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, katika Sura ya Al-Baqara, aya ya 197, mahujaji wameamrishwa kuchukua masurufu. Amri hiyo yatufunza sote kwamba kumtegemea Mungu hakumwondolei msafiri wajibu wa kujiandaa.

Wako miongoni mwetu waendao Visiwa vya Komoro kuwazuru jamaa. Huko hoteli ni chache, na mgeni aghalabu hupokewa majumbani. Kisiwa cha Ngazija hakina mto wa kudumu. Mvua huzama upesi katika mawe ya volkano, na nyumba nyingi hutegemea maji ya mvua yaliyohifadhiwa birikani. Mwaka 2005 mlima Karthala ulipolipuka, majivu yaliyachafua maji hayo.

Basi, ewe msafiri, kila kata ya maji unayotilia udhu huenda ikawa ni akiba ya wenyeji wako. Usiyamwage ovyo. Wape habari kabla ya kufika. Chukua fedha taslimu za kutosha na dawa zako, ujikinge na malaria, na nyumbani uache matumizi. Mtume (s.a.w.) ameiweka haki ya mgeni kuwa siku tatu, na amekataza mgeni kukaa hata akamtia dhiki mwenyeji wake. Asiyejiandaa huwatwisha wenziwe mzigo wake.

Mwenyezi Mungu atujaalie safari za kheri, na atufanye wageni wasiochosha. Amin.