UZITO WA MWILI, URITHI WA UKOO NA SHINIKIZO LA DAMU

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Nyabiyonza)



Tumetakiwa tuseme maneno machache juu ya maradhi ambayo watu wengi huyaita presha, na madaktari huyaita shinikizo la juu la damu. Sisi si madaktari. Tu watumishi wa ofisi kama ninyi, na haya tutakayoyasema tumeyakusanya katika yale ambayo madaktari wamekwisha kuyachunguza. Walakini twaona yafaa makarani waambiane wao kwa wao, maana maradhi haya huipenda sana kazi yetu, kazi ya kiti, meza na karatasi.

Kwanza yafaa tujue maana ya jambo lenyewe. Moyo husukuma damu katika mishipa kama pampu isukumavyo maji katika mipira. Nguvu ya damu inapoikandamiza mishipa ndiyo shinikizo. Hupimwa kwa mfuko wa hewa unaofungwa mkononi juu ya kiwiko, chombo alichokitengeneza daktari Mwitalia, Scipione Riva-Rocci, mwaka 1896. Na mwaka 1905 daktari Mrusi, Nikolai Korotkoff, alionyesha namna ya kuisikiliza sauti ya mshipa chini ya mfuko ule. Hapo ndipo zilipopatikana hesabu mbili: ya juu, moyo unapojikaza, na ya chini, moyo unapolegea. Mtu mzima akipimwa siku mbalimbali, na hesabu ya juu ikawa 140 au zaidi, au ya chini ikawa 90 au zaidi, huyo anayo maradhi.

Ubaya wake ni kwamba aghalabu hayaumi. Mtu hulima, huandika, hucheka na wenzake, na huku mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho inaharibika polepole. Halafu siku moja huanguka, akapooza upande mmoja, au akafa. Upimaji uliofanywa Tanzania Bara mwaka 2012 ulikuta kwamba katika watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, kiasi cha mmoja katika kila wanne alikuwa na shinikizo la juu. Basi kila mmoja wetu na awahesabu watu walioketi katika benchi lake, kisha afikiri.

Huenda mtu akasema, Haya ni maradhi ya Wazungu, babu zetu hawakuwa nayo. Neno hilo lina ukweli kidogo, na ukweli wenyewe wapasa utuonye. Mwaka 1929 Daktari C. P. Donnison, aliyekuwa akifanya kazi Kisii, nchi ya Kenya, mashariki ya ziwa lile ambalo mkoa wetu walipakana kwa magharibi, aliandika kwamba kwa muda wa miaka miwili, katika wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa hospitali, hakumwona hata mmoja mwenye shinikizo lililopanda. Miaka sitini ikapita. Mwaka 1990 zikachapishwa habari za Waluo waliotoka vijijini kwao magharibi ya Kenya wakaenda kukaa Nairobi. Walilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani. Hata mwezi mmoja tu baada ya kuhama, shinikizo la wale wa mjini lilikuwa limewapita wenzao. Mapigo ya moyo yao yalikuwa ya haraka zaidi, na mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi wanayokula imezidi, na potasiamu, ile madini iliyomo katika ndizi, maharage na mboga, imepungua. Tena zikaja habari za kwetu Tanzania, zilizochapishwa mwaka 2010: watu waliohama vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, walipofuatwa mwaka mmoja, wanaume kwa wanawake walikuwa wameongezeka uzito kwa kilo mbili na zaidi.

Watu wale hawakubadili damu zao walipopanda basi. Kilichobadilika ni chakula, mwendo na maisha. Nasi wa Nyabiyonza tusidhani kwamba kwa kuwa hatukuhamia mjini tumesalimika, maana mji wenyewe umetufuata. Zamani mtumishi alikwenda kata hadi kata kwa miguu au kwa baiskeli; sasa hupanda pikipiki hata kwa mwendo wa nusu saa. Saa nne huletwa chai yenye sukari nyingi, na maandazi, chapati na sambusa. Kukiwa na semina, soda. Jioni nyama choma na bia, na chumvi mbichi pembeni ya sahani.

Sasa tuje kwenye urithi wa ukoo. Maradhi haya hufuata nyumba. Katika Marekani, wanaume 1,160 waliosoma udaktari katika chuo cha Johns Hopkins walifuatwa kwa muda wa miaka 54. Wale ambao baba na mama zao wote wawili waliyapata maradhi haya kabla ya kutimiza miaka 55 walikuwa katika hatari kiasi cha mara sita kuliko wale ambao wazazi wao walikuwa salama. Kwa hiyo swali la kwanza la mtu mwenye akili si Je, naumwa? bali ni Je, wazazi wangu walikufa kwa nini?

Na hapa ndipo penye shida yetu. Mtu mzima akianguka ghafla shambani akafa, husemwa ametupiwa, au amelogwa, au amelishwa kitu. Hatukuja hapa kubishana na imani ya mtu. Twasema hili tu: neno hilo likiisha kusemwa, hakuna anayeuliza tena, na watoto wa marehemu hupoteza habari ambayo ingaliweza kuwaokoa. Wahenga walisema, Mficha maradhi, kifo humwumbua. Sisi tunayatunza majalada ya wilaya nzima, lakini jalada la damu yetu wenyewe hatuna. Basi twashauri kila mwanachama achukue ukurasa mmoja wa daftari, aandike baba, mama, babu na bibi wa pande zote mbili, ndugu, wajomba na shangazi. Na mbele ya kila jina aandike: alikufa akiwa na umri gani, je, alipooza, je, alianguka ghafla, je, alikuwa akinywa dawa za presha au za figo? Aende kwa wazee waliosalia awaulize kwa adabu, maana habari hizo huzikwa pamoja nao.

Ukoo hatuwezi kuubadili. Uzito twaweza. Lakini katika nchi hii ya Karagwe, jambo la uzito lina historia yake, nayo yafaa isemwe wazi.

Mwezi wa Novemba 1861, msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe. Aliandika kwamba wake wa nyumba ya kifalme walinenepeshwa kwa maziwa hata wengine wasiweze kusimama, maana unene ulikuwa uzuri na heshima. Alimpima shemeji mmoja wa mfalme, akakuta unene wa mkono wake ni inchi 23, yaani kiasi cha sentimita 58. Binti wa miaka kumi na sita alikuwa ameketi karibu akinywa maziwa, na baba yake ameshika fimbo ili asiache. Maziwa yale na fimbo ile vimekwisha, lakini fikira yake haikwisha. Mpaka leo mtumishi akipata cheo na tumbo lisitoke, watu huuliza kama mshahara unafika.

Kisha likaja jambo la pili. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kujulikana Tanzania walionekana katika mkoa wetu wa Kagera. Tangu hapo kukonda kukawa kama hati ya kifo. Tumezika wengi, na hofu ile ingali katika mifupa yetu. Mtu akipunguza kilo tano kwa kusudi jema, jirani hunong'ona. Mama mkwe huleta kuku. Mwenyewe huona haya, akarudia kula. Hivyo mtumishi wa Karagwe amebanwa na mambo mawili: heshima ya unene ya kale, na aibu ya kukonda ya juzi.

Basi twawaambia wenzetu: tutenganishe mambo. Mtu anayekonda pasipo kutaka aende hospitali upesi akapimwe. Na hata akikutwa na virusi, siku hizi ziko dawa, naye akizinywa vema huishi na kufanya kazi miaka mingi. Lakini mtu anayepunguza mwili kwa kutembea na kwa kula kwa kiasi, huyo anajenga nyumba yake. Tusimwulize, Je, waumwa? Tumwambie, Hongera.

Hesabu yenyewe ni nyepesi kwa karani. Chukua uzito wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita uliozidishwa kwa urefu huo huo. Mtu wa kilo 84 na urefu wa mita 1.65 hupata karibu 31. Kutoka 25 uzito umezidi; kutoka 30 ni unene wa hatari. Mtu yule asikate tamaa kwamba hatafika kilo 68. Madaktari wamekuta kwamba, kwa wastani, kila kilo moja ipunguayo hushusha hesabu ya juu kwa kiasi cha moja. Kilo tano tu ni faida kubwa, na zaidi kwa yule ambaye ukurasa wake wa ukoo una majina mengi ya waliopooza. Wala mwembamba asijisifu, maana ukoo na chumvi humfikia naye.

Tena chumvi ya siku nzima isizidi gramu tano, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai. Ndizi na maharage yetu ni chakula bora. Tusivione vya kishamba mbele ya chipsi. Pombe ipungue, na tumbaku iachwe.

Ukienda kupimwa, zahanati, au kituo cha afya, au hospitali kama Nyakahanga, usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Ikiwa mkono wako ni mnene, omba mfuko mpana, kwa kuwa mfuko mdogo katika mkono mnene huonyesha hesabu kubwa kuliko ile ya kweli. Na ukipewa dawa, usiiache kwa sababu umejiona mzima. Wengine husema, Dawa hii ukiianza huiachi. Ni kweli kwa walio wengi. Lakini hata chakula tulikianza utotoni na hatukukiacha.

Mabwana na Mabibi, serikali ikimpoteza karani huandika barua ya nafasi wazi, na baada ya miezi kiti hupata mtu. Nyumbani hapana barua ya namna hiyo. Kwa ajili hiyo twaomba chama kikubali jambo moja: kila mkutano wa robo mwaka ufunguliwe kwa kupimwa uzito na shinikizo, kila mtu na kadi yake, tukimwomba mwuguzi aje na chombo chake. Gharama yake ni ndogo kuliko rambirambi moja.

Haya ndiyo tuliyoyakusudia.