Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

(Hotuba ya mmoja wa wanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka, Ijuganyondo)



Nashukuru kwa kupewa nafasi hii. Mwenyekiti aliniomba niseme machache juu ya michezo na ustahimilivu. Nilidhani ni kazi nyepesi, kwani mimi ni mtumishi wa serikali na kuandika taarifa ni kazi yangu ya kila siku. Lakini taarifa hii inanihusu mwenyewe, na nimeichana mara tatu.

Tulipokuwa kidato cha tatu tulikuwa na kikundi cha kutunisha misuli. Vyuma vya dukani hatukuwa navyo. Tulijaza saruji katika makopo ya rangi, tukaunganisha kwa bomba, na kila alfajiri tukanyanyua kando ya migomba. Katika mashindano madogo ya mjini nilipata nafasi ya pili, nikaanza kujiona simba. Nikaongeza uzito kwa pupa, na asubuhi moja bega la kulia likachanika. Kwa wiki kadhaa sikuweza kushika kalamu. Mwaka uliofuata baba alifariki, na mtihani wa kidato cha nne ukanishinda.

Ndugu zangu, kwa miaka minne sikukanyaga mkutano huu. Wenzangu walikuwa masomoni, mimi nikichuma kahawa ya mama. Nilipowaona mjini Bukoba nilikatisha uchochoroni wasinione. Leo nakiri mbele yenu.

Aliyenitoa uchochoroni ni mjomba wangu. Hakunifariji. Aliendelea kupalilia, akaniuliza kama namjua John Stephen Akhwari wa Mbulu.

Tarehe 20 Oktoba 1968 Akhwari aliiwakilisha Tanzania katika mbio za marathoni za Olimpiki, jijini Mexico. Mji ule uko kiasi cha meta 2,240 juu ya usawa wa bahari, karibu mara mbili ya usawa wa ziwa letu, na hewa yake ni nyepesi. Misuli ilimkaza. Kabla ya kufika nusu ya safari wakimbiaji waligongana, akaanguka, goti likateguka na bega likagonga lami. Akafungwa bandeji, akaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia alishinda kwa saa 2, dakika 20 na sekunde 26. Akhwari aliingia uwanjani akichechemea, jua limekwisha kuzama na watu wengi wamekwenda zao, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Walioanza walikuwa 75. Waliomaliza walikuwa 57, naye ndiye wa 57. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali kiasi kile ili aanze tu mbio, bali amalize.

Mjomba aliishia hapo, na wengi huishia hapo. Mimi baadaye nilijifunza sehemu inayosahauliwa. Mwaka 1970, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, Akhwari alikimbia tena marathoni akawa wa tano, kwa saa 2 na dakika 15. Yaani katikati ya Mexico na Edinburgh kulikuwa na asubuhi nyingi ambazo hakuna aliyempigia makofi. Kwangu mimi, asubuhi hizo ndizo kisa chenyewe.

Wadogo zangu, msinielewe vibaya. Sisemi mtu aliyeumia aendelee kunyanyua. Misuli hupata damu nyingi, hivyo hupona mapema. Kano zinazoifunga kwenye mfupa hupata damu kidogo, hupona polepole. Kijana husikia misuli ina nguvu, akarudia uzito wa zamani, akachanika tena. Mimi nilirudi na kopo moja la maji, si la saruji. Masomo nayo niliyarudia hivyohivyo: somo moja kwanza, kisha jingine, nikiwa mtahiniwa wa kujitegemea, mpaka nikafika Chuo Kikuu nikiwa mzee kuliko wenzangu darasani. Mashindano ya misuli sikuyarudia. Bega bado hunikumbusha kila masika.

Yapo pia maumivu ambayo mtu hakujitakia. Filbert Bayi aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mwaka 1974, lakini mwaka 1976 Tanzania ilisusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya uhusiano wa michezo na Afrika Kusini ya makaburu. Msimamo ule ulikuwa wa haki, naye ndiye aliyeulipia. Mwaka 1980 huko Moscow alikwenda katika mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, akaleta medali ya fedha.

Ndugu Mwenyekiti, si mbali na hapa, pale Katuruka, wataalamu walichimbua mabaki ya tanuri za chuma za wahenga wetu, za kiasi cha miaka elfu mbili iliyopita. Sidhani kama makoleo yao hayakuvunjika. Lakini uhunzi uliendelea.

Nina ombi moja kwa kila upande. Wadogo zetu, mmoja wenu akianguka mtihani, asikatishe uchochoroni. Nasi wakubwa, tukimwona mwenzetu anakatisha, tumwite kwa jina lake, tumkaribishe chai, tusimwulize kwanza amefikia wapi.