Kumsaidia Mtoto Ajifunze Nyumbani
(Hotuba kwa wazazi wa Namasakata)



Nimeombwa niseme maneno machache juu ya mafunzo ya watoto nyumbani. Tangu Januari, 2016, ada iliondolewa katika shule za Serikali, tangu shule ya msingi hata kidato cha nne. Jambo hilo ni jema sana, lakini lisitudanganye tukadhani kazi yetu imekwisha. Mwalimu ana watoto wengi mbele yake. Mzazi ana wake, naye ndiye amjuaye.

Basi mtazameni mtoto, mjue jinsi anavyoshika mambo. Yuko akumbukaye alichosikia mara moja. Yuko asiyefahamu mpaka aone. Tena yuko ambaye akili yake huamka mikono ifanyapo kazi. Wala huyu si mjinga kuliko mwenziwe, na mara nyingi mtoto mmoja huhitaji njia zote hizo.

Mpe korosho ishirini, mwambie azipange mafungu manne yaliyo sawa. Akiona kila fungu lina tano, amekwisha jifunza kugawanya. Mchezo wa bao nao, wenye mashimo 32 na kete 64, hufundisha kuhesabu na kufikiri mbele.

Tena wengi wetu hapa husema Kiyao nyumbani, na katika shule ya msingi mafundisho ni kwa Kiswahili. Haifai kumkataza mtoto lugha ya mama yake. Bibi na amhadithie kwa Kiyao, kisha mtoto airudie hadithi ile ile kwa Kiswahili. Jambo alilokwisha fahamu halitamshinda kwa maneno mapya.

Mzazi asiyejua kusoma asione haya. Mwambie mtoto akusomee kwa sauti, kisha umwulize: Kumetokea nini? Kwa sababu gani? Akikueleza vema, yakini amefahamu.

Mambo matatu nawasihi myaangalie. Kwanza, msimpige mtoto kwa kuwa hakufahamu, maana hofu huifunga akili. Pili, mtoto asogezaye kitabu karibu mno na macho, au asiyeitika aitwapo kwa nyuma, asiitwe mzito. Apelekwe zahanati akatazamwe macho na masikio. Tatu, wakati wa mavuno ya korosho msimtoe mtoto shuleni ili akaokote. Kazi ya shamba ni mafunzo pia, lakini wakati wake ni baada ya shule na siku ya Jumamosi. Korosho zilizobaki chini leo zitaokotwa kesho, bali somo lililompita mtoto huzuia na lile lifuatalo.

Wazee walinena: Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nawaomba kila nyumba itenge nusu saa kila jioni, baba, mama au bibi akae na mtoto, amsikilize. Haihitaji fedha, yahitaji saburi tu.

Hayo ndiyo maneno yangu.