Homa Ina Jina: Kipimo cha Vinasaba na Mlango wa Mji wa Kale

Mhadhara wa umma, Tudor, Mombasa



Nianze na mbuzi. Simtaji wa maziwa. Naitaja ile ya kukunia nazi. Mwanzoni mwa 2018 nilimkuta shangazi yangu kwake Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, ameikalia mbuzi yake, kizio cha nazi mkononi, na mkono haugeuki. Vidole vimevimba, kiwiko kimekaza. Homa ilikuwa imemwacha tangu wiki iliyopita, ila maumivu yalikataa kuondoka. Zahanati moja ilimpima malaria, ikamwambia hana, kisha ikampa dawa za malaria. "Mwanangu," akaniuliza, "kama sina, nameza za nini?"

Mhadhara wa leo ni jibu langu kwake. Limechelewa.

Watu wetu hawakungoja maabara ndipo wazipe homa majina. Daktari James Christie, aliyekuwa akitibu Unguja, aliandika habari za homa iliyozuka huko mwaka 1870. Wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee wakamweleza kwamba walikwisha kuiona kiasi cha nusu karne nyuma. Wako wanaosema neno dengue limetoka hapo, na Tanzania mpaka leo huiita dengue kidingapopo. Lakini maumivu ya viungo aliyoyaeleza Christie yamewafanya wataalamu wa baadaye waamini kwamba ile ya 1870 ilikuwa chikungunya. Nalo jina chikungunya ni la Wamakonde wa kusini mwa Tanganyika, waliopatwa na mlipuko mwaka 1952: kile kinachomkunja mtu. Mwaka 1959 Waacholi wa Uganda wakaiita yao o'nyong-nyong, kwa jinsi ilivyowalegeza viungo. Wafugaji wa Kisomali wana sandik, pua itokayo damu, kwa maradhi ya mifugo ambayo vitabu huyaita homa ya Bonde la Ufa.

Majina yote hayo yanamweleza mgonjwa, na ni ya kweli; shangazi yangu alikunjwa hasa. Ila mwili una namna chache za kulalamika, na vijidudu ni vingi. Ndiyo maana jina la dalili huweza kuhama likaenda kukaa kwa ugonjwa mwingine.

Kipimo cha PCR hakimtazami mgonjwa. Kinakitafuta kijidudu chenyewe kwa maandishi yake, yaani vinasaba. Mwalimu wa chuo cha Kurani akisomewa maneno matatu hujua ni sura gani. Vivyo hivyo mtaalamu hutengeneza vipande viwili vifupi vya DNA vinavyolingana na mahali maalumu katika vinasaba vya kijidudu anachokishuku. Vikipaona mahali pao kwenye sampuli, vitashika. Visipopaona, hakuna kitakachoanza. Mashine hupasha mchanganyiko moto hadi kiasi cha nyuzi 95 ili DNA iachane pande mbili, huupoza vipande vishike, kisha kimeng'enya hunakili. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili. Kwa mizunguko 30, nakala moja hupita bilioni moja. Wanakili wa Siyu, waliosifika kwa misahafu yao, wangeshika vichwa. Njia hii aliibuni Kary Mullis mwaka 1983, na ikampatia tuzo ya Nobel mwaka 1993. Kimeng'enya kisichoharibiwa na joto hilo kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani. Virusi vya dengue na chikungunya vina RNA, kwa hiyo RNA hiyo hugeuzwa kwanza kuwa DNA.

Lakini kipimo hiki kina masharti mawili. Kwanza, hujibu kilichoulizwa tu: kiulize dengue peke yake, nacho kitanyamaza kuhusu chikungunya. Pili, kina siku zake. Virusi hivi hupatikana damuni kwa kiasi cha wiki ya kwanza. Baadaye hubaki kingamwili, na zile za chikungunya na za o'nyong-nyong hufanana hata zikakipotosha kipimo cha kingamwili. Siku niliyomkuta shangazi juu ya mbuzi yake, nafasi ya PCR ilikuwa imempita.

Hakuwa peke yake. Mwaka 2013, hapa hapa Tudor, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wakapima watu 1,500. Kiasi cha asilimia 13 walikuwa na alama za dengue ya karibuni, na hao walikutwa majumbani mwao. Kisha, toka katikati ya Desemba 2017 hadi 3 Februari 2018, Mombasa iliripoti wagonjwa 453 wa chikungunya. Maabara ilithibitisha 32. Wale 421 wengine walibaki wa kushukiwa. Shangazi yangu hayumo hata katika hao 421.

Sidai kila mwenye homa apimwe PCR. Wachache wakithibitishwa mapema, mji mzima unajua kinachozunguka, na hapo ndipo faida ilipo. Chikungunya haina dawa yake maalumu, lakini jina lake lingemwepusha shangazi na dawa zisizo zake. Na pale ambapo dengue haijaondolewa shaka, daktari huzuia aspirini na ibuprofeni, kwa kuwa zinaweza kuzidisha kutoka damu. Mbu anayeeneza dengue na chikungunya naye ni Aedes aegypti, mwenye miguu ya madoa meupe, anayeuma mchana na kutaga penye maji yaliyotulia. Maji ya mfereji huja kwa zamu, basi kila ua una pipa. Pipa lililo wazi ni shamba lake.

Sasa nimrudie mbuzi wa maziwa. Katika mlipuko wa homa ya Bonde la Ufa wa 2006 na 2007, watu 684 waliripotiwa kuugua Kenya, na zaidi ya 150 wakafa. Watafiti waliowahoji wafugaji baadaye walikuta kwamba mifugo iliugua zaidi ya wiki mbili kabla ya watu. Wafugaji walikuwa wameona mimba zikiharibika, na jina la ugonjwa walikuwa nalo. Kilichokosekana ni mtu wa kuchukua damu ya mnyama na kuiuliza swali. Vile vipande viwili vya DNA hufanya kazi katika damu ya mbuzi, ya mchungaji na katika mbu waliosagwa pamoja. Mashine haioni mpaka kati yao; ni sisi tuliogawa kazi hiyo kwa wizara mbili.

Na hata tukiwa na mashine, kuna mlango. Mnamo 6 Mei 2020 serikali ilifunga njia za kuingia na kutoka Mji wa Kale, pamoja na Eastleigh ya Nairobi, kwa sababu ya korona. Wapimaji walikuja na vijiti vyao. Wengi wetu hatukujitokeza. Tuliitwa wakaidi. Mimi nasema watu walihofia kitakachofuata jibu: karantini, ambayo waliotangulia walitozwa wenyewe, na jina la nyumba kutajwa barazani. Mtu hutoa sampuli yake akijua itamrudia kama msaada. Ikimrudia kama adhabu, kesho atafunga mlango, na hakuna mashine itakayoufungua.

Juzi nilimsomea shangazi mhadhara huu, ameketi ukumbini kwake na kikombe cha kahawa. Mkono sasa unageuka, ingawa asubuhi za baridi humkumbusha. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja tu: "Na majirani, wakati ule, waliambiwa?"

Hawakuambiwa, shangazi. Pipa la jirani lilibaki wazi.