Leza Iliyosubiri Njia

Leo tunaanzia London, tarehe 26 Machi 1658. Samuel Pepys, kijana wa miaka 25, amelazwa mezani na kufungwa asifurukute. Dawa ya usingizi haijagunduliwa. Thomas Hollier, bingwa wa upasuaji, anamchana na kulitoa jiwe kibofuni. Pepys, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa shajara yake, alipona, akalihifadhi jiwe lake, akaazimia kuiadhimisha siku hiyo kila mwaka kwa karamu. Lakini alipofariki mwaka 1703 na mwili wake kupasuliwa, madaktari walikuta mawe saba katika figo ya kushoto. Kisu cha zama zile kilifika kibofuni, figoni hakikuthubutu.

Karne zilipita, na hatimaye kisu kikathubutu kufika figoni. Hata babu zetu walipokuwa vijana, mwenye jiwe la figo lililogoma kushuka lenyewe alichanwa ubavu.

Sasa tuingie kwenye leza, mwanga uliokuja kuchukua nafasi ya kisu hicho. Ya kwanza iliwashwa na Theodore Maiman huko California, tarehe 16 Mei 1960. Miaka minane baadaye, watafiti Mulvaney na Beck waliujaribu mwanga wa leza ya rubi kwenye mawe ya mkojo. Mawe yalivunjika kweli, ila kwa joto ambalo nyama ya mwili isingelistahimili. Na hata joto lingepungua, mwanga ungepita wapi? Mwanga hunyooka, na safari ya kutoka nje hadi figoni ina kona: unapanda njia ya mkojo, unavuka kibofu, unapenya mrija wa upana wa milimita chache, kisha unageukageuka katika vyumba vya figo.

Walioifungua njia hiyo hawakuwa madaktari. Mwaka 1954, wanafizikia Harold Hopkins na Narinder Kapany wa Imperial College, London, walieleza jinsi fungu la nyuzi za kioo linavyopitisha picha hata likipindwa. Mwaka 1964, Victor Marshall wa New York alitoa taarifa ya kifaa cha nyuzi hizo, chenye unene wa milimita 3, kilichoingizwa kwenye mrija unaotoka figoni. Jiwe likaonekana. Basi, likaishia kuonekana tu! Ncha ya kifaa haikugeuka, wala hakikuwa na tundu la kupitishia chombo cha kulivunjia.

Ni Wajapani, akina Takayasu na Aso, walioipa ncha uwezo wa kujikunja kama mkonga wa tembo, daktari akiiongoza kwa mkono wake. Majina yao hayatajwi sana, nami naona wamepunjwa: pasipo kazi ya namna hiyo, leza ingeishia mlangoni. Tundu la kupitishia vifaa lilifuata.

Ikabaki kuupata mwanga wenyewe. Katika miaka ya 1980, huko Boston, Watson na Dretler walitumia leza ya rangi, yenye mwanga wa kijani. Ilivunja mawe mengi bila kuunguza nyama, lakini yale magumu zaidi yaliishinda. Miaka ya 1990 ikaja leza ya holmiamu. Mwanga wake hauonekani kwa macho na hufyonzwa na maji upesi mno, kiasi kwamba haupenyi nyama hata nusu milimita. Hulivunja jiwe la aina yoyote, mradi uzi wa kioo unaoupitisha mwanga huo uliguse. Hata hivyo haichagui: ukiufyatua mwanga uzi ungali ndani ya kifaa, unakitoboa kifaa chenyewe, na bei yake si mchezo.

Leo mgonjwa hulazwa usingizi, jiwe likasagwa likawa vumbi, na asiwe na jeraha la kisu hata moja. Mara nyingi huachiwa ndani mpira mwembamba uliojikunja ncha zote mbili, aliouonyesha daktari Roy Finney mwaka 1978, ili mkojo upite wakati uvimbe ukipungua. Hapo ndipo nina ombi kwako, msikilizaji. Ukiwekewa mpira huo, uliza tarehe ya kuutoa, iandike, umwambie na mtu wa nyumbani, kisha urudi hospitali hata kama maumivu yamekwisha. Mpira uliosahaulika mwilini nao huota mawe.