Mapafu Yanayopona Yanataka Chakula

Hotuba ya afisa wa lishe kwa wagonjwa wa mapafu na familia zao, Garissa mjini

 

Wengi wenu mmemaliza dawa za kifua kikuu. Miezi 6 imepita, makohozi yamepimwa, ugonjwa hauonekani. Lakini ukienda msikitini bado unasimama njiani mara tatu kutafuta pumzi. Huo si uvivu. Kifua kikuu huweza kuacha makovu kwenye mapafu, na wengine hapa mapafu yao yamechoshwa na moshi wa kuni au sigara kwa miaka mingi.

Mwenye mapafu mazima hupumua bila kujua. Mwenye makovu, misuli ya kifua chake inafanya kazi usiku na mchana kama mtu anayevuta maji kisimani. Kazi hiyo inataka chakula. Kisipotosha, mwili hula nyama yake wenyewe, pamoja na misuli ya kupumulia. Ndiyo maana tukikupa mazoezi ya kutembea na kuinua mikono, tunakuuliza pia umekula nini.

Mwaka 1976 kule Wajir, Annalena Tonelli, mama kutoka Italia, alianza kuwatibu wafugaji wa kuhamahama kwa kuwakusanya kwenye manyatta karibu na kituo, wakinywa dawa mbele ya mhudumu kwa miezi 6. Leo wengi wanatibiwa wakiwa nyumbani. Basi mzigo wa lishe uko kwa yule anayepika.

Mama, mpe mgonjwa chakula kidogo kidogo, mara 5 au 6 kwa siku. Tumbo likijaa sana hubana mapafu. Apumzike kwanza, akae wima, asiharakishwe. Anjera ipake samli, ongeza yai. Nyirinyiri vijiko vichache vina nguvu nyingi. Nyama ikikosekana, maharagwe na dengu yatafaa. Chai ya sukari kabla ya chakula humshibisha bure, na miraa huondoa hamu ya kula.

Maziwa ya ngamia ni mazuri sana, lakini yachemsheni. Najua wazee mtaguna. Maziwa mabichi huweza kuleta homa ya mifugo, na mtu dhaifu hawezi vita viwili.

Sasa unga wa lishe. Wagonjwa waliokonda sana huandikiwa, kisha unapikwa kwenye sufuria moja na watoto wote wanakula. Simlaumu mama, nani atamnyima mtoto anayelia? Lakini mgonjwa akipata vijiko viwili tu, hanenepi. Usitufiche. Walete na watoto tuwapime mkono, anayestahili apewe chake.

Ramadhani ikikaribia, usianze kufunga kabla ya kuzungumza na daktari na sheikh wako. Mgonjwa ana ruhusa katika dini. Mwenye kisukari naye aje tupange chakula chake peke yake.

Uzito upimwe kila mwezi. Ukipungua, au kikohozi kikirudi, njoo bila kungoja siku ya kliniki. Mizani iko pale mlangoni. Vua viatu, panda, kisha tuzungumze.